FAIDA AIPATAYO MTU ANAYEJITOLEA

Mtu aliyeacha shamba lake asubuhi akaenda kumchimbia jirani mtaro ana haki ya kuuliza, "Nami napata nini?" Swali hilo si la aibu, ingawa wengi wetu huliuliza moyoni tu, tukiogopa kuitwa wachoyo. Katika somo hili twataka kulijibu waziwazi, kwa mambo yaliyotendeka katika nchi yetu na kwa mambo yaliyopimwa na wataalamu, wala si kwa maneno matamu ya barazani. Msomaji ataona ya kuwa jibu lina upande wa kufurahisha na upande wa kushangaza.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Kujitolea ni kufanya kazi kwa hiari, bila mshahara, kwa manufaa ya watu wasio wa nyumba yako. Hiari ndiyo roho ya jambo hili. Kazi ambayo mtu hutozwa faini asipoifanya si ya kujitolea, hata kama mwenye kuitangaza aiita hivyo. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, bali historia ya Kenya yaonyesha ya kuwa ndiyo iliyoamua kama watu wangepata faida au uchungu katika kazi ile ile moja.

KAZI MOJA, NJIA MBILI

Kazi tunayoitaja ni kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, Serikali ya kikoloni ilisukuma kazi hiyo kwa nguvu katika wilaya nyingi. Katika Murang'a, ambayo wakati ule iliitwa Fort Hall, watu walilazimishwa kuchimba asubuhi mbili za kila juma. Wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta mshahara, wengine Nairobi na wengine katika mashamba ya Wazungu, basi mzigo wote ukawaangukia wanawake, ambao juu ya hayo walikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta na watoto wa kulisha. Mwezi wa Julai 1947 mkutano mkubwa ulikata shauri kwamba wanawake wasichimbe tena. Mwaka 1948 wanawake zaidi ya elfu mbili walikwenda mpaka makao ya wilaya, wakicheza na kuimba, kuonyesha kwamba hawakuwa tayari kuendelea.

Je, wanawake wale hawakuujali udongo wao? La, hasha. Walikuwa wakulima, na hakuna aliyejua thamani ya udongo kuliko wao. Walichokataa ni kuitwa kama ng'ombe wa kukokota plau, kufanya kazi wasiyoipanga, katika siku wasizozichagua, chini ya msimamizi wasiyemtaka. Matuta yaliyochimbwa kwa namna ile mengi hayakutunzwa, na mvua ikayabomoa.

Sasa na tuvuke twende Ukambani, katika wilaya ya Machakos ya siku zile, ambayo leo ni Kaunti za Machakos na Makueni. Hali ya huko ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1937 ofisa wa Serikali aliyeshughulikia udongo, Colin Maher, aliandika taarifa ya kukatisha tamaa: kwa maoni yake nchi ile ilikuwa ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga, na watu wake wakielekea kwenye umaskini usio na dawa. Mwaka uliofuata Serikali ilijaribu kuwapunguza ng'ombe wa Wakamba kwa lazima. Maelfu ya watu wakaenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa, mpaka amri ile ikaachwa. Muindi mwenyewe alihamishwa akapelekwa Lamu. Basi mtu yeyote aliyedhani ya kuwa Wakamba wangeokoa ardhi yao kwa kuamriwa alikuwa amekwisha kupewa jibu mapema.

Hata hivyo matuta ya kwanza huko nako yalichimbwa kwa amri. Lakini Wakamba walikuwa na desturi yao ya zamani iitwayo mwethya. Mtu mwenye kazi kubwa, mathalan ya kujenga nyumba au kulima shamba kabla ya mvua, aliwaita majirani. Walikuja na majembe yao, wakafanya kazi, naye mwenye kazi akawapa chakula. Hapakuwa na mshahara wala daftari. Katika miaka ya 1950 wasimamizi wa kazi ya udongo walianza kuitumia desturi hii, wakaviacha vikundi vya mwethya vichague viongozi wao wenyewe. Wengi waliochaguliwa walikuwa wanawake. Kazi iliyokuwa ikivutwa kwa kamba sasa ikaanza kutembea kwa miguu yake.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 amri zikakoma, na kwa muda kuchimba kukapungua sana. Ni jambo la kawaida watu kuitupa kazi ambayo jana ilikuwa adhabu. Lakini hawakuitupa daima. Hasa katika miaka ya 1970 waliirudia kwa hiari yao, kila familia katika shamba lake, na vikundi vya mwethya vikizunguka toka shamba hata shamba. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika habari hizo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1994. Walionyesha ya kuwa watu wa wilaya ile waliongezeka kutoka kama 240,000 mapema katika miaka ya 1930 hata kufika karibu 1,400,000 mwaka 1989, nayo nchi haikuwa jangwa. Vilima ambavyo zamani vilikuwa vitupu vilikuwa na matuta na miti, na thamani ya mazao, hata ikigawanywa kwa kila kichwa, ilikuwa imezidi ile ya zamani kama mara tatu. Masoko, barabara, kahawa na fedha zilizotumwa nyumbani na wafanyakazi wa mjini vilisaidia pia. Si haki kuyapa matuta sifa zote. Lakini kahawa haioti mahali ambapo udongo umekwenda na maji.

FAIDA INAYOSHIKIKA MKONONI

Labda msomaji wa mjini hajapata kuliona tuta la aina ya "fanya juu", basi tumweleze. Mtaro huchimbwa kukata mteremko, ukifuata usawa wa kilima, wenye kina cha kama futi mbili na upana kama huo. Udongo hutupwa upande wa juu, ndiyo sababu ya jina lake. Udongo ule huwa tuta, na juu yake hupandwa majani ya kulisha ng'ombe ili mizizi yake iushike. Kila mvua inyeshapo, udongo unaoteremka hukwama nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa mteremko huwa kama ngazi, kila daraja lake tambarare. Kuna aina nyingine iitwayo "fanya chini", ambayo udongo wake hutupwa chini ya mtaro. Hiyo ni rahisi zaidi kwa mchimbaji, kwa kuwa hainui udongo, lakini shamba halisawaziki vizuri. Wakulima wengi wa Machakos, walipoachwa wachague, walichagua ile iliyo ngumu.

Sasa tazama maji yafanyavyo. Maji hayajui mpaka wa shamba. Yakitoka katika shamba la jirani aliye juu bila kuzuiwa, huja kwa kasi na kuvunja matuta yako, hata ukiwa umeyachimba kwa ustadi wote. Kwa hiyo mtu akwendaye kumsaidia jirani wa juu kuchimba analiokoa shamba lake mwenyewe kabla hajafika nyumbani. Vivyo hivyo jirani wa chini yake ana sababu ya kuja kumsaidia yeye. Kilima kizima hufungwa pamoja na maji yale yale yaliyokuwa yakikiharibu.

Tena kuna habari ya nguvu za mwili. Mwanamke aliye peke yake katika ardhi ngumu ya kiangazi huchimba pia kidogo, akapumzika, akautazama mteremko uliobaki, akakata tamaa. Ishirini wakiwa pamoja, mmoja akianza wimbo na wengine wakiitikia, mtaro humalizika kabla ya jua kali. Hesabu ya siku za kazi yaweza kuwa sawa, lakini mteremko ulioachwa nusu hauzuii maji, na mteremko uliokwisha huyazuia.

Hapa msomaji mwerevu atasema, "Lakini hiyo si kujitolea. Hiyo ni kukopeshana nguvu: leo kwangu, kesho kwako." Maneno yake yana kweli ndani yake, wala hatuoni haya kuyakubali. Hata hivyo mkopo huu si kama wa dukani. Mzee asiye na nguvu za kushika jembe hawezi kulipa kwa kuchimba. Mjane mwenye watoto wachanga hulipa kidogo kuliko apatavyo. Kijana mwenye misuli hutoa zaidi ya atakachorudishiwa, naye ajua hivyo, lakini huja. Mwethya iliendelea kwa sababu watu hawakuhesabu kwa kijiko. Palipoanza kuhesabiwa kwa kijiko, ndipo kikundi kilipoanza kuvunjika.

Kuna na faida nyingine ambayo haikuonekana upesi. Wanawake waliochaguliwa kuongoza vikundi walijifunza kupanga kazi ya watu wengi, kuamua ugomvi, kusimama mbele ya ofisa na kusema. Hakuna shule iliyokuwa ikifundisha mambo hayo kwa mwanamke wa shamba katika miaka ya 1950. Katika Mkoa wa Kati nako, katika miaka ya 1960, wanawake walianzisha vikundi vya mabati: walichanga fedha walizopata kwa kulima pamoja, wakawa wakiezeka nyumba moja baada ya nyingine, mpaka kila mmoja akawa na paa lisilovuja. Mtu akipita katika vijiji vile akaona mabati yang'aayo, angeweza kudhani ya kuwa utajiri umefika kutoka mjini. Ulikuwa umetoka kwa majirani.

FAIDA ISIYOSHIKIKA

Je, mtu asiyerudishiwa cho chote, wala mtaro wala bati, anapata nini? Wengi watajibu kwamba hupata furaha ya moyo. Jibu hili ni la kweli, lakini kila mtu hulisema, na jambo lisemwalo na kila mtu mara nyingi halijapimwa. Lakini hili limepimwa, nasi twalieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa ndilo lililotufanya kuandika somo hili.

Kwa muda mrefu wataalamu wa Marekani waliona ya kuwa wazee wanaojitolea huishi miaka mingi na huwa na huzuni kidogo kuliko wasiojitolea. Lakini hapo pana mtego. Mgonjwa hawezi kwenda kuwahudumia wengine. Basi yawezekana afya njema ndiyo iletayo kujitolea, wala si kujitolea kuletako afya. Ni kama mtu aonaye watu wengi wenye miavuli siku ya mvua, akafikiri miavuli ndiyo iletayo mvua.

Ili kuukwepa mtego huo, watafiti katika nchi ya Kanada walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 2013. Walichukua wanafunzi 106 wa shule ya sekondari, wakawagawa kwa kura. Nusu moja walikwenda kila juma, kwa muda wa majuma kama kumi, kuwasaidia watoto wa shule ya msingi katika masomo na michezo. Nusu nyingine waliambiwa wangoje zamu yao. Damu yao ilipimwa mwanzo na mwisho. Wale waliojitolea walionekana wamepungua mafuta ya damu na uzito wa mwili, na pia dalili moja katika damu ionyeshayo uvimbe wa ndani, ambao ukidumu huelekea kwenye ugonjwa wa moyo. Kwa kuwa waligawanywa kwa kura, hatuwezi kusema ya kuwa wenye afya ndio waliochagua kwenda. Na tazama jambo hili: waliofaidika zaidi ni wale ambao katika majuma yale huruma yao kwa wengine iliongezeka zaidi.

Utafiti wa pili, wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, ulitolewa mwaka 2012. Walifuata habari za watu waliomaliza shule ya sekondari katika jimbo la Wisconsin mwaka 1957, ambao sasa walikuwa wazee. Mwaka 2004 wazee hao waliulizwa kama wanajitolea, na kwa sababu gani. Baada ya miaka minne watafiti waliangalia ni nani waliokufa. Katika wasiojitolea, walikuwa wamekufa kama 43 katika kila 1,000. Katika waliojitolea kwa ajili ya watu wengine, walikufa kama 16 tu katika kila 1,000. Lakini kulikuwa na kundi la tatu: watu waliosema wanajitolea ili wao wenyewe wapate kitu, kama vile kujisikia vizuri au kusahau shida zao. Hao walikufa kama 40 katika kila 1,000, yaani karibu sawasawa na wale waliokaa nyumbani. Utafiti huu haukugawa watu kwa kura kama ule wa Kanada, basi hauwezi kuthibitisha peke yake. Hata hivyo unakubaliana nao.

Huu ndio upande wa kushangaza tuliouahidi. Malipo yapo, tena makubwa, lakini hukimbia mkono ulionyoshwa kuyashika. Wahenga waliosema "tenda wema uende zako" huenda walikuwa wakitufundisha adabu; hawakujua ya kuwa siku moja damu itapimwa na kuwaunga mkono. Nasi twakiri ya kuwa ni vigumu kumfundisha mtu faida asiyopaswa kuifuata. Labda njia iliyo bora ni kumwambia mara moja, kisha kumpa jembe.

Jambo jingine la faida kwa watu wenye shughuli nyingi: tafiti za Marekani juu ya wazee zaonyesha ya kuwa faida haiongezeki siku zote kadiri saa zinavyoongezeka. Hufika ukomo wake kwenye kama saa 100 kwa mwaka, yaani karibu saa mbili kila juma. Mtu hahitaji kuiacha nyumba yake ianguke.

MAMBO YAHARIBUYO

Ikiwa hiari ndiyo roho, basi lazima ndiyo sumu. Baada ya Uhuru neno Harambee liliwaita watu kujenga shule na zahanati, na shule nyingi za sekondari za nchi hii zilianza kwa mawe yaliyobebwa na wazazi na fedha walizochanga. Katika miaka ya baadaye michango mingi iligeuka kuwa ya lazima. Watu walidaiwa risiti ya mchango kabla ya kuhudumiwa ofisini, na wakubwa wakashindana kutoa fedha hadharani ili majina yao yatangazwe. Hatimaye, mwaka 2003, sheria ilitungwa ya kuwazuia watumishi wa Serikali kutumia vyeo vyao kuchangisha fedha. Wazee waliobeba mawe kwa hiari bado huonyesha kwa kidole darasa walilojenga. Ni vigumu kumpata mtu aonyeshaye kwa furaha risiti aliyolazimishwa kununua.

Sumu ya pili ni mwenye fedha kujificha nyuma ya moyo wa maskini. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa vijijini walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwatazama wajawazito, watoto na wenye kifua kikuu, na wengi wao hawakulipwa kitu. Waliambiwa thawabu yao ni heshima ya watu. Heshima waliipata kweli: watu waliwaita "daktari" njiani na kuwaamsha usiku. Lakini heshima hailipi karo, na kazi ya kila siku si saa mbili za juma. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilizindua kazi ya wahudumu wapatao 100,000, kila mmoja akikabidhiwa mkoba wa vyombo, pamoja na kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ikapangwa kutolewa nusu kwa nusu na Serikali ya Taifa na ya Kaunti. Sisi twaona ilikuwa haki, ijapokuwa ilichelewa. Moyo wa hiari ni mali ya mwenye moyo. Haufai kuandikwa katika bajeti ya mtu mwingine.

KWA WATAKAO KUANZA

Majirani watakao kuanza kikundi wasingoje mgeni. Wachague kazi moja iliyo karibu na yenye mwisho unaoonekana, kama kisima kinachotaka kusafishwa au mtaro wa mtu mmoja. Wachague kiongozi wenyewe. Wakubaliane saa ya kuanza, na hasa saa ya kumaliza, maana vikundi vingi hufa kwa sababu mama hakujua atarudi nyumbani saa ngapi. Asiyefika aulizwe kama ni mgonjwa kabla ya kulaumiwa. Fedha, kama zipo, zihesabiwe mbele ya wote siku ile ile. Kwa sheria ya mwaka 2022 kikundi cha watu 10 au zaidi chaweza kuandikishwa kwa ofisa wa maendeleo ya jamii aliye karibu, kikiwa na katiba yake na majina ya viongozi wake. Lakini kuandikishwa kwaweza kungoja mpaka kazi ya kwanza iishe.